Kidirisha cha Mishono Kumi na Miwili

Mwenye simu na mwenye mtoto asome hii mpaka mwisho. Mwenye simu tu asome pia, maana yaliyompata Fundi yalianza kwa kidole kimoja, na vidole kila mtu anavyo.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji wa nguo za kike. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia iliyojaa alama za mkasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pazia la kijani lililotenga kazi na nyumba. Jina lake halisi wateja walishalisahau. Aliitwa Fundi, basi, na mwenyewe aliitika.

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, alikuwa akimpima binti yake wa pekee gauni la harusi. Zilibaki wiki tatu. Gauni lilikuwa limekaa vizuri kiunoni, mikono imeingia bila ugomvi, chini limeanguka kama maji. Tatizo lilikuwa shingo, upande wa mgongoni.

Binti alikuwa na kovu nyuma ya bega la kushoto. Kubwa kama kiganja, limechongoka juu kama ncha ya pasi, kwa sababu ilikuwa ncha ya pasi. Alikuwa na miaka minne. Fundi aliiweka pasi ya mkaa ukingoni mwa meza, juu ya kitambaa, akageuka kutunga uzi kwenye sindano. Kufumba na kufumbua. Mtoto aliyekuwa akicheza chini ya meza akakivuta kile kitambaa.

Nyumbani hawakuizungumzia siku hiyo. Lakini shuleni binti alivaa sweta jua la mchana likiwaka, na alipokua hakununua blauzi bila kuigeuza kwanza aone mgongo wake. Hata mchumba wake, kijana mpole anayefanya kazi kiwanda cha maziwa, alikuwa hajaliona.

"Nitamwambia mwenyewe, Jumamosi," binti alikuwa amesema wiki hiyo. "Kwa mdomo wangu. Sitaki alione kwa bahati mbaya, na sitaki aambiwe na mtu."

"Ni haki yako," Fundi alimjibu, na alimaanisha.

Sasa kitambaa kilikuwa chepesi. Ukikata shingo chini, kovu linachungulia. Ukipandisha juu, kitambaa kinajikunja kama kola ya shati lililolaliwa. Fundi alipandisha, akashusha, akapandisha tena. Akakwama. Na alipokwama kwenye shingo alikuwa na mtu mmoja wa kumwuliza: mdogo wake, mshonaji pia, bingwa wa magauni ya harusi, aliyekuwa akiishi mji mwingine.

Dada hao wawili walikuwa na mtindo wao wa miaka. Anayekwama anapiga picha ya kazi, anaituma kwa mwenzake kwenye ule mtandao wa kijamii ambao kila mtu yumo, na jibu linarudi kabla chai haijapoa. Fundi aligusa mara tatu tu: picha, uso wa mdogo wake ambao siku zote ulikaa wa kwanza juu, kisha kitufe cha bluu chini kulia kilichoandikwa Tuma. Kidole chake kilijua njia hiyo kama mguu wake ulivyojua kikanyagio. Aliifanya macho yakiwa kwenye kitambaa na pini zikiwa mdomoni, na kwa miaka mitano hakukosea hata siku moja.

"Ni kwa mama mdogo tu, eti?" binti aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Mmh," Fundi akajibu, maana mdomo ulikuwa na pini sita.

"Sema vizuri, Mama."

Fundi akazitema pini kiganjani. "Kwa mama yako mdogo tu. Nani mwingine wa kutazama mgongo wako? Simama wima, unalipinda bega."

Akapiga picha. Akagusa, akagusa, akagusa. Akailaza simu kifudifudi mezani, akarudisha pini mdomoni.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu humlaumu yule mama bila kujua. Wiki hiyohiyo wenye mtandao walikuwa wameongeza kitu. Hawakumwuliza mtu. Waliweka kidirisha kinachoruka mbele yako kabla ya kutuma, kikikuuliza kama ungependa watu wote waione picha yako. Kuuliza si kosa. Kosa ni kwamba kidirisha chenyewe kilikuwa kizito. Unagusa, kioo cha simu kinakutazama tu kama mtu aliyesahau alichotumwa, kidole chako kinaendelea na safari yake, na hapo ndipo kidirisha kinapochomoka. Kitufe chake kikubwa kilichoandikwa Wote kinatua palepale palipokuwa na Tuma. Si kando. Si juu kidogo. Palepale, chini ya kidole ambacho kimeshaanza kushuka.

Fundi hakuona lolote. Binti aliingia nyuma ya pazia kuvua gauni taratibu asichomwe na pini, na mama akakaa kwenye cherehani kumalizia aproni ya mteja.

Ilikuwa imekaribia saa tisa mteja huyo alipoingia. Alikuwa muuza mikate wa mtaa wa nyuma, mwanamke wa sauti kubwa, na watu walimwita Mama Mikate hata mbele ya mume wake.

"Shoga yangu! Aproni yangu tayari?"

"Bado mfuko mmoja. Kaa."

Mama Mikate hakukaa. Alisimama na simu yake mkononi, akapunguza sauti, na sauti yake ikipunguzwa bado ilifika barabarani. "Pole sana, mwenzangu. Mimi sikujua kabisa. Kumbe binti aliungua vile?"

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya kikanyagio. "Nani kakwambia?"

"Si wewe mwenyewe? Umeiweka hapa. Tazama." Akamgeuzia simu.

Mgongo wa mwanawe ulikuwa pale, na kovu katikati, na pini zikimeta. Chini yake watu thelathini na mmoja walikuwa wameshapita. Mmoja ameweka uso unaolia. Mmoja ameandika pole. Na mmoja, ambaye Fundi alimjua vizuri kwa kuwa alikuwa dada wa mchumba, wifi mtarajiwa wa binti yake, alikuwa ameandika: "Mbona sisi hatukuambiwa?"

Fundi aliishika simu yake, akaifungua, akakuta ni kweli. Haikwenda kwa mdogo wake. Imekwenda kwa kila mtu.

Pazia likafunguliwa. Binti alikuwa amesimama na blauzi yake iliyofungwa mpaka shingoni, na usoni pake hapakuwa na swali. Alikuwa amesikia yote.

"Mama. Niambie si kweli."

"Mwanangu, mimi nilituma kwa mama yako mdogo. Naapa. Nilibonyeza pale ninapobonyeza siku zote."

"Nipe nione."

Akaitazama picha. Akasoma maneno ya wifi. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

"Kwanza pasi," akasema polepole, "sasa simu."

Mama Mikate alikumbuka ghafla kwamba ameacha mikate kwenye meko, akatoka bila aproni yake.

Fundi alikaa na neno lile. Kwa pasi hakuwa na la kujitetea na hakuwahi kujitetea. Aliiweka mahali pabaya kwa mkono wake, akageuka, basi. Lakini pasi haikuhama. Pasi ilikaa pale alipoiweka. Kitu hiki kilikuwa kimehama! Alikijua kitufe chake kama anavyokijua kizingiti cha mlango wake, na mtu fulani ambaye hajawahi kumwona, amekaa mahali fulani kwenye kiti cha kuzunguka, alikihamisha kizingiti usiku mmoja na kumwacha yeye ajikwae na mtoto mgongoni. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

"Lawama za pasi nitabeba," alisema. "Hii sibebi peke yangu. Lakini tuiondoe kwanza. Mwenzio anatoka kazini saa ngapi?"

Binti alitazama saa ya ukutani, na hapo ndipo uso ukambadilika. Kiwandani simu hazikuruhusiwa karibu na mitambo. Wafanyakazi walizifungia kwenye makabati wakiingia na kuzichukua wakitoka. Zamu ya mchana ilikwisha saa kumi kamili.

"Saa kumi," binti alisema. "Na kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua simu."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Fundi akagusa vidoti vitatu vilivyo kwenye kona ya picha, maana aliambiwa zamani kwamba kila kitu cha kufuta kimefichwa kwenye vidoti vitatu. Kikatokea kiduara kinachozunguka. Kikazunguka. Kikazunguka. Akagusa tena. Mara kidirisha kikaruka, chekundu na cha njano, na puto zikipanda: Kuna kipya! Sasa unaweza kupamba picha yako kwa fremu ya maua!

"Maua?" Fundi alisema. "Nani kaomba maua? Nimeomba kufuta!"

"Kifunge, Mama. Kuna alama ya kufunga pale juu."

"Haipo."

"Itakuja."

"Itakuja lini? Wageni wa maua wamekuja, mwenye mlango hajafika?"

Alama ikaja kwa wakati wake. Fundi akaigusa. Kidirisha kikafungwa na cha pili kikaketi mahali pake: Je, unaufurahia mtandao wetu? Akakigusa pembeni kukiondoa. Hakikuondoka upesi. Akagusa tena. Wakati huo kilikuwa kimeshaondoka, na orodha ya vidoti vitatu, ile aliyoiomba tangu mwanzo, ilikuwa ndiyo kwanza inafika. Kidole kilitua kwenye mstari wa kwanza wa orodha. Kioo kikaandika: Picha yako imebandikwa juu ya ukurasa.

"Umefanya nini?" binti akauliza.

"Sijafanya mimi!"

"Umeibandika juu, Mama! Sasa kila anayefungua ukurasa wako anaanza nayo!"

"Mimi nimegusa hewa! Orodha haikuwepo! Ulikuwa hapa, umeona kwa macho yako!"

"Nimeona unavyochokonoa kama mtu anayetoa kunde kwenye mchele. Lete hapa. Nyinyi watu wazima simu mnazionea."

Fundi akampa. Moyoni aliumia, lakini alimpa, maana binti alikuwa mwepesi wa simu kuliko mtu yeyote mtaani. Vidole gumba vyake viwili vilikwenda kama sindano. Alifungua, akashuka, akapanda, akagusa vidoti. Kiduara kikazunguka.

"Unaona? Ni kutulia tu," alisema.

Kiduara kikaendelea. Saa tisa na nusu ikapita. Binti akagusa mara ya pili, kwa ukali kidogo. Kisha ya tatu.

Kidirisha kikaruka. Kilikuwa na nyuso nne za watu, na juu yake maneno: Mtaje aliye nawe kwenye picha hii. Uso wa kwanza ulikuwa wa mchumba wake, akitabasamu na kofia ya kiwandani. Gumba la binti lilikuwa limeshashuka.

Kioo kikaandika kwa furaha, na kinyota kikapasuka pembeni: Tayari! Amejulishwa.

Nje mtu alipita akiburuza mkokoteni, sauti ikaja, ikaenda. Binti alikaa juu ya kigoda cha wateja, simu mapajani, mikono imeinuliwa kama mtu aliyekutwa akiiba.

"Mama," alisema. "Sikukigusa."

"Najua."

"Nilikuwa nagusa vidoti. Yeye hakuwepo pale. Kidirisha kimekuja chenyewe, kikamweka chini ya gumba langu."

"Najua, mwanangu."

"Nimemtaja mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu. Hata wewe hukumtaja!"

Kuna mama ambaye angesema, umeona sasa? Fundi neno hilo lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Hakukuwa na nafasi ya kushinda. Alivuta kigoda, wakakaa bega kwa bega mbele ya cherehani, na kitu kidogo kikamjia, kitu ambacho asiye mshonaji asingekifikiria.

Mshonaji anapofika kwenye kona, hakanyagi. Mguu una haraka. Mguu ukikanyaga kwenye kona, sindano inapitiliza na kitambaa kimeharibika. Kwenye kona anaondoa mguu, anashika gurudumu la pembeni kwa mkono, analizungusha polepole, mshono mmoja mzunguko mmoja, akihesabu, mpaka ageuke salama. Fundi alikuwa ameshona kona kwa miaka ishirini na sita. Mwanafunzi wake yeyote aliyekanyaga kwenye kona alipigwa kofi la mkono.

"Sote tunakanyaga kwenye kona," alisema.

"Nini?"

"Weka simu mezani. Mezani, nimesema, usiishike. Mikono yako ikalie. Ikalie kabisa." Binti akaitia mikono chini ya mapaja kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akaweka mkono wa kulia kwenye gurudumu la cherehani. Kwa kidole cha kushoto akagusa vidoti vitatu, mara moja tu, akakiondoa kidole mbali kama kwenye jiko.

Akazungusha. Mmoja. Kiduara. Miwili. Mitatu. Binti aliruka kidogo kwenye kigoda.

"Kaa."

"Kimeganda, Mama."

"Hakijaganda, kimelala. Minne. Mitano."

Kwenye wa nane kidirisha cha maua kilikuja na puto zake. Hawakukigusa. Kwenye wa kumi na miwili ikaja alama ya kufunga, Fundi akaigusa. Akahesabu tena kwa kidirisha cha pili, kile cha kuuliza kama wanafurahi, na alama yake ikaja kwenye wa kumi na miwili uleule.

"Mishono kumi na miwili," alisema. "Kila kimoja. Wanatuchelewesha mishono kumi na miwili, wanajua hakuna mtu mwenye mikono mitulivu kiasi hicho."

"Hesabu, Mama," binti alisema. Sauti yake haikuwa na ukali tena. "Endelea kuhesabu."

Orodha ikafika. Haikuwa na haraka, ikajipanga mstari kwa mstari, na neno Futa lilikuwa la mwisho kabisa, dogo, la kijivu, kama ndugu maskini kwenye picha ya ukoo. Fundi alilitazama mpaka orodha ilipoacha kutikisika. Akaligusa.

Kidirisha: Una uhakika? Picha hii inapendwa!

"Inapendwa na nani?" Fundi alifoka. "Na nani?"

"Usikiguse! Hesabu!"

Akahesabu. Kwenye wa kumi vitufe viwili vilikuja, Futa kushoto na Baki nayo kulia. Kwenye wa kumi na moja, wenyewe kwa macho yao, waliona vitufe hivyo vikibadilishana nafasi. Futa kikaenda kulia. Binti alipiga ukelele.

"Umeona? Umeona, Mama?"

"Nimeona." Fundi aliumaliza mzunguko. Kumi na miwili. Akagusa Futa.

Ukurasa ukawa mweupe. Kisha ikaja picha ya mwezi uliopita, ya mashuka aliyoyashona kwa ajili ya zahanati. Mgongo wa mwanawe haukuwepo.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na nane.

Hawakushangilia. Binti alikuwa anajua simu kuliko mama yake, na alilijua hili pia: ile taarifa iliyokwisha kwenda kabatini huenda bado ilikuwa kule, imekaa kwenye simu iliyozimwa, ikingoja mwenyewe aiwashe. Na wifi alikuwa ameiona picha, na wifi hakuwa mtu wa kukaa na jambo mpaka kesho.

Binti akasimama. Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Getini. Nimesema nitamwambia kwa mdomo wangu."

"Si ulisema Jumamosi?"

"Jumamosi wameshaniibia." Alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. "Mama, ule mgongo usiushone mpaka nirudi. Usikate hata uzi."

"Sigusi kitu."

Kwa mguu, kiwanda kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa mtu anayetembea. Fundi alimtazama akipita dirishani, akaona hatembei.

Alibaki na gauni limetandikwa mezani, upande wa nyuma juu. Mdogo wake alipiga simu kuuliza mbona siku hizi hamtumii picha, Fundi akamwambia atampigia. Alifungua droo, akafunga droo. Saa kumi ikafika. Akilini alimwona kijana wa watu akifungua kabati lake, anachukua simu, anaiwasha, anasimama. Saa kumi na robo. Hakuna. Saa kumi na nusu alikuwa ameshalizungusha gurudumu la cherehani tupu, bila uzi, hata yeye hajui mara ngapi.

Binti alirudi karibu saa kumi na moja, peke yake, vumbi mpaka magotini. Alikunywa maji glasi mbili kabla ya kusema neno, na mama yake hakumwuliza, ingawa kujizuia huko kulimtoa jasho.

"Nilimkuta nje ya geti," binti alisema mwishowe. "Simu mkononi, amekunja uso. Nikajua kwisha habari. Nikamwendea, nikamwambia palepale, wenzake wanapita. Nina kovu mgongoni, ni la moto, nilikuwa na miaka minne, na nilitaka usikie kwangu. Nikamwambia yote."

"Na yeye?"

"Akaniuliza, bado panauma?"

Fundi akaketi.

"Nikamwambia hapaumi, panawasha tu wakati wa baridi. Akasema aha. Halafu nikamwuliza, sasa mbona ulikunja uso, picha umeiona? Akasema picha gani?" Hapo binti alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyekimbia sana. "Mama, alikuwa hajaona kitu! Taarifa ilikuwepo, wifi naye amemwandikia mara tatu. Lakini kila akigusa, kidirisha kinamjia! Kuna kipya, fremu ya maua! Alikuwa amesimama pale getini dakika tano nzima anasubiri alama ya kufunga!"

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Fundi hakucheka.

"Basi nisikie mtu akisema kumbe vidirisha vina faida," alisema. "Nisikie tu. Mguu wako ndio umekuokoa. Wao walikuwa wanamnyima mlango hata yeye."

"Wifi je?"

"Wifi yako nitamwendea mimi kesho, kwa miguu yangu, nimweleze mimi. Ya pasi ni yangu, nitaisema." Akaokota pini moja sakafuni. "Sijawahi kuisema kwa mtu."

Binti alikwenda mezani, akalitazama gauni, akapitisha kidole kwenye shingo ya mgongoni pale palipowekwa alama ya chaki.

"Funga mpaka juu," alisema.

"Si ameshajua sasa? Nilidhani labda utataka..."

"Nimechagua tu, Mama. Watakaoona ni wale nitakaowaonyesha. Funga mpaka juu, na ikijikunja, ijikunje."

"Haitajikunja," Fundi alisema. "Labda niwe nimekufa."

Na haikujikunja. Alimpigia mdogo wake, wakaelezana kwa maneno, bila picha, shingo nzima, dakika arobaini, mpaka ikakaa.

Ukutani, juu ya cherehani, palipokuwa na bei za aproni, sasa pana kipande cha karatasi ya kukatia, kimeandikwa kwa chaki na kubandikwa kwa pini mbili: USIGUSE MPAKA UHESABU MISHONO KUMI NA MIWILI. Wateja hudhani ni maneno ya ushonaji. Fundi huwaeleza mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, na mwenye mtoto humweleza mara mbili: usipige picha ya mwanao unayoogopa ionekane, na kama umepiga, usiitume kwa kidole kinachokumbuka. Tuma kwa macho.

Siku ya tatu alitafuta mahali pa kuwaandikia wenye mtandao. Alipata, nyuma ya vidoti vitatu. Aliandika kwa muda mrefu, maana mkono wake si wa kuandika. Aliwaambia kwamba yeye akichelewesha nguo, mteja anamjia mlangoni. Wao mlango wao uko wapi? Aliwaambia kwamba akihamisha kifungo kwenye gauni wakati mtu ameshalivaa, mtu huyo atamwita mwendawazimu. Aliwaambia kuhusu mgongo, lakini hakuwaambia ni wa nani.

Alipotuma, kidirisha kilikuja. Kilikuja kimechelewa, na nyota tano zimepangwa: Asante! Unatupa ngapi?

Fundi alishika gurudumu, akazungusha mizunguko kumi na miwili bila kuruka hata mmoja. Nyota zilipotulia akagusa moja. Na hiyo moja aliitoa kwa sababu sifuri haikuwepo.